Vikokotoo vya mafao Uingereza: entitledto, Turn2us, Better Off au mtu wa ushauri?

Kila Aprili viwango vya mafao, yaani malipo ya msaada ya serikali, vinapobadilika Uingereza, swali lilelile huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, toka Reading mpaka Leicester: "Jamani, ile tovuti ya kuangalia kama mtu anastahili chochote ni ipi?" Yanakuja majibu matatu, kila mmoja anasifia aliyoitumia yeye, na aliyeuliza anabaki palepale.

Kumbe wote watatu hawajakosea. Tovuti rasmi ya serikali, GOV.UK, inawaelekeza watu kwenye vikokotoo vitatu huru, vya bure na visivyodai jina lako: entitledto, Turn2us, na Better Off Calculator ya Policy in Practice. Mimi nimeongeza cha nne ambacho si tovuti, yaani mtu wa ushauri: yule wa Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure), wa halmashauri yako, au wa shirika la hisani la mtaani, anayekaa na wewe na makaratasi yako mezani. Kwa familia zetu huyu hawezi kuachwa nje ya ulinganisho.

Policy in Practice wenyewe wamekadiria kuwa mafao ya zaidi ya pauni bilioni 20 kwa mwaka hayaombwi na wanaostahili kuyapata. Na wengi wa watu wetu ninaoongea nao bado wanaamini kwamba ukiwa na kazi basi huna chako. Universal Credit, yale malipo ya kila mwezi ya kuongezea kipato kidogo, hulipwa hata kwa mtu anayefanya kazi, ilimradi kipato cha nyumba nzima, watoto na kodi ya pango vikiwekwa pamoja hesabu ikubali.

Nitavipima kwa nini

Mambo matano. La kwanza, kinatazama mafao gani na kinaacha yapi. La pili, kinafanya nini na mtu mwenye visa, kwa sababu hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. La tatu, kinauliza maswali gani, na mali zetu za nyumbani zinaingia wapi. La nne ni siri. La tano, ukishapata jibu kinakupeleka wapi. Bei sikuiweka kwenye vigezo kwa kuwa vyote vinne ni bure. Ukikuta tovuti inayofanana na hizi inakuomba kadi ya benki au namba ya National Insurance kabla ya kukupa jibu, ifunge. Lugha nayo sikuiweka, maana vikokotoo vyote vitatu ni vya Kiingereza; tofauti pekee iko kwa mshauri, na nitaigusa.

Vinatazama nini

Mafao makubwa vyote vitatu vinayafikia: Universal Credit, Child Benefit ya watoto, Pension Credit ya wazee wenye kipato kidogo, posho za ulemavu na za kumtunza mgonjwa, na Council Tax Reduction, yaani punguzo la kodi ya halmashauri kwa wenye kipato kidogo. Hili la mwisho ni sababu mojawapo ya kila kikokotoo kukuuliza msimbo wa posta. Tangu Aprili 2013 kila halmashauri ya Uingereza yenyewe, yaani England, inajiwekea utaratibu wake kwa watu wa umri wa kufanya kazi, kwa hiyo familia mbili zenye kipato sawa, moja Luton na nyingine Milton Keynes, zinaweza kupata punguzo tofauti kabisa. Usiweke msimbo wa posta wa dada yako eti kwa sababu ndio unaoukumbuka.

Tofauti zinaanza pembeni. entitledto, iliyopo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, imejikita kwenye hesabu yenyewe. Ina maswali mengi, na mwisho kila fao lina maelezo ya jinsi lilivyofikiwa. Mtu anayependa kuona namba zimetoka wapi ataridhika.

Turn2us ni shirika la hisani, na mizizi yake inafika 1897. Kikokotoo chake ni sehemu tu ya nyumba. Sehemu nyingine, ambayo wengi hawaifungui, ni ya kutafuta ruzuku: mifuko ya hisani inayosaidia watu wa fani fulani, wenye ugonjwa fulani, au wa eneo fulani, kununua friji, kulipa deni la umeme au kusomesha mtoto. Kumbuka hili, litarudi kwenye suala la visa.

Better Off Calculator imejengwa na kampuni ya Deven Ghelani, ambaye alishiriki kubuni Universal Credit kabla haijaanza kulipwa 2013. Nguvu yake iko kwenye bajeti ya nyumba. Pamoja na mafao inakuonyesha nafuu za bili, yaani viwango vya chini vya maji na intaneti ambavyo makampuni huwapa wenye kipato kidogo, na inakuruhusu kujaribu: nikiongeza masaa kazini, mfukoni kitabaki kiasi gani? Swali hilo ni la msingi, kwa sababu Universal Credit hukatwa pensi 55 kwa kila pauni ya mshahara wako wa mkononi, baada ya kiwango ambacho wenye watoto au wenye ulemavu huachiwa bila kukatwa.

Mshauri anatazama vyote hivi, maana mara nyingi naye hutumia kikokotoo, toleo la wataalamu la mojawapo ya hivihivi. Anachozidi ni kwamba anakuona wewe. Anaona mguu unaochechemea na kukuuliza kama umewahi kuomba posho ya ulemavu. Tovuti haina macho.

Visa: hapa punguza mwendo

GOV.UK inaonya kwamba vikokotoo haviwezi kutoa jibu sahihi kwa makundi kadhaa: wenye umri chini ya miaka 18, wanafunzi, wafungwa, walio kwenye mgomo, wanaoishi nje ya nchi, na wasio raia wa Uingereza au Ireland. Kundi hilo la mwisho ni nusu ya harusi ya Kiswahili hapa Uingereza. Onyo liko pale kwenye ukurasa, lakini mtu akishaona kitufe cha kuanza halisomi.

Kabla hujafungua kikokotoo chochote, fungua eVisa yako kwenye akaunti ya uhamiaji na usome masharti. Ukiona imeandikwa kwamba huna haki ya kutumia "public funds", yaani fedha za umma, maana yake mafao kama Universal Credit, Child Benefit, Pension Credit na Council Tax Reduction hayakuhusu, hata kama kikokotoo kimekuandikia pauni mia tisa kwa mwezi. Wengi waliokuja kwa visa ya kazi ya afya na kutunza wazee, hizo kazi tunazoziita kea, wako kwenye sharti hili, na waliokuja kwa visa ya mwenza vilevile. Kuyaomba ni kuvunja masharti ya visa, na kunaweza kukurudia siku ya kuomba kuongezewa muda. Mwenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida anaruhusiwa. Aliyepewa hadhi ya mkimbizi anaruhusiwa; ambaye ombi lake la hifadhi bado linaamuliwa, hapana, yeye ana utaratibu wake mwingine.

Kuna watu kinyume chake, wanaogopa mpaka vitu halali. Hospitali ya NHS na shule ya serikali haziko kwenye orodha ya "public funds". Malipo ya uzazi kutoka kwa mwajiri hayapo, wala pensheni ya serikali uliyoichangia. Punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri kwa mtu mzima anayeishi peke yake halipo pia, ingawa punguzo la kipato kidogo lipo. Mawili haya yanachanganywa kila siku. Chakula cha bure shuleni huko England kinaweza kupatikana na familia yenye sharti hilo la visa ikiwa kipato chake ni kidogo. Na ruzuku za mifuko ya hisani si fedha za umma. Kwa mtu wa visa ya kazi aliyekwama, basi, sehemu ya ruzuku ya Turn2us inaweza kuwa na faida kuliko vikokotoo vyote vitatu.

Sasa chukua nyumba ya mchanganyiko, ambayo ndiyo ngumu. Mama ana uraia wa Uingereza, anafanya kazi nusu siku jikoni shuleni. Baba ametoka Tanga kwa visa ya mwenza, yuko ghala. Watoto wawili, nyumba ya kupanga Leicester. Mama anafungua kikokotoo, anajibu kwamba anaishi na mwenza, na hesabu inaanza na posho ya msingi ya wanandoa, ambayo kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 628.10 kwa mwezi. Kisheria, mama huyu anaomba kama mtu mmoja, kwa posho ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 400.14, kwa sababu mumewe hana haki ya kuhesabiwa. Lakini mshahara wa mume unahesabiwa wote, na akiba yake pia. Yaani mume haingii kwenye kugawiwa, anaingia kwenye kukatwa. Uonevu au sio, ndivyo ilivyo.

Kwa viwango hivyo vya 2025/26 tofauti ilikuwa pauni 227.96 kila mwezi. Kama kikokotoo hakikukuuliza chochote kuhusu visa ya mwenzako, toa tofauti hiyo, kwa viwango vya mwaka unaohesabu, kwenye Universal Credit uliyoonyeshwa na utapata picha iliyo karibu na ukweli. Ikiwa jibu lote lilikuwa pauni 180, basi huenda hakuna kitu. Kama kiliuliza na ulijibu kweli, usitoe tena. Na ile hila ya "nitaandika niko peke yangu, nione itakuja ngapi" itakuletea namba nono ambayo ukiiombea ni udanganyifu. Namba hiyo hata usiiangalie, itakutamanisha bure.

Child Benefit kwenye nyumba kama hiyo aombe mama, kwa jina lake. Kwa 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata.

Kwenye kigezo hiki, basi, vikokotoo vyote vitatu viko nyuma ya mshauri. Yeye naye ana mpaka: kushauri kuhusu uhamiaji ni kazi inayohitaji kibali kisheria, chini ya mamlaka ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Mshauri mzuri wa mafao atakuambia wazi, "Hapa pa visa nakupeleka kwa mwenzangu." Muulize hasa kuhusu mambo mawili. Moja, wenye visa za njia ya familia waliofikia hali ya kushindwa kabisa kujikimu wanaweza kuiomba serikali iondoe lile sharti. Pili, Novemba 2025 serikali ilipendekeza kurefusha muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kwa watu waliowahi kupokea mafao. Kama uko njiani kuelekea ukaazi, pata neno la mwanasheria kwanza.

Maswali, makaratasi, na kile kiwanja cha Kibaha

Kwa vyote vinne andaa mambo yaleyale: hati za mshahara wako na wa mwenza, kiasi cha akiba, mafao mnayopata tayari, kodi ya pango, gharama za kulea watoto, na bili ya kodi ya halmashauri. Kwa entitledto usianze bila makaratasi hayo mkononi, maana inachimba. Faida yake ni kwamba unaweza kujisajili, ukahifadhi ulipofika na kurudi kesho. Turn2us inaelezea maswali yake kwa lugha nyepesi, na kwa mtu ambaye Kiingereza cha kiofisi kinamchosha mimi huanzia hapo. Better Off ina mtiririko mzuri na matokeo yake yanasomeka kwa jicho moja, ila ili ile sehemu ya bajeti ikufae lazima uandike matumizi yako kwa ukweli. Mshauri anauliza kwa mdomo, na ukisahau karatasi atakuambia urudi nayo.

Penye swali la akiba na mali, watu wetu wengi huandika sufuri na kupita. Subiri. Universal Credit haitolewi kwa nyumba yenye akiba na mali ya zaidi ya pauni 16,000. Kati ya 6,000 na 16,000 unakatwa pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250 au sehemu yake. Na mali haiishii mpakani Dover. Kiwanja cha Kibaha, nyumba ya kupangisha Mombasa, akaunti ya akiba ya Nairobi, vyote vinahesabika kwa bei ya soko. Nyumba unayoishi mwenyewe hapa ndiyo isiyohesabiwa. Kikokotoo kinaweza kukuuliza swali hili kwa mstari mmoja tu, hakina namna ya kujua kwamba una hati ya kiwanja kabatini.

Hapa ndipo mtu wa ushauri anapolipa muda wako. Nyumba ya Tanga anayoishi mama yako mzazi, ikiwa ameshafika umri wa pensheni au hawezi kufanya kazi kwa ugonjwa, inaweza kuachwa nje ya hesabu. Shamba la marehemu babu ambalo halijagawanywa kwa ndugu saba, fungu lako ni kiasi gani, na nani atalinunua? Asilimia kumi ya thamani hupunguzwa kwa ajili ya gharama za kuuza, na deni lililowekewa mali hiyo dhamana hutolewa. Hakuna tovuti itakayokuvusha kwenye hayo. Nenda na hati, au hata picha ya hati kwenye simu.

Mambo mengine mawili ya kwetu. Fedha unazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzwi popote. Ada ya mdogo wako na dawa za baba ni mzigo wa kweli, lakini kwa Universal Credit mzigo huo haupo. Na upatu: zamu yako ikifika na pauni 5,000 zikaingia kwenye akaunti yako, mwezi huo zinaonekana kama zako. Weka daftari la mchezo vizuri, majina na tarehe, ukiulizwa uwe na cha kuonyesha. Kijumbe anayepokea za watu wote kwenye akaunti yake binafsi ndiye aliye hatarini zaidi.

Wanaojiajiri, madereva na wasafishaji hasa, waangalie jambo hili. Baada ya mwaka wa kwanza wa kuanzisha biashara, Universal Credit humhesabia mtu aliyejiajiri kana kwamba anapata kima cha chini cha mshahara kwa masaa yanayotarajiwa, hata kama mwezi huo barabara ilikuwa kavu. Hakikisha umejaza umeanza lini. Ukipata majibu tofauti kwenye tovuti mbili, anza kukagua hapo.

Siri

Kwenye vikokotoo vitatu huandiki jina. Unaandika umri, msimbo wa posta, kipato, basi. Jibu lako si maombi na halimwendei mtu. Ukijisajili entitledto utaacha barua pepe. Simu ya kushirikiana nyumbani ni hatari zaidi kuliko tovuti zenyewe: futa kumbukumbu za kivinjari kama hutaki shemeji ajue mshahara wako.

Mshauri atachukua jina na kufungua faili. Citizens Advice hutunza siri za wateja. Wa halmashauri ni mwajiriwa wa halmashauri, kwa hiyo muulize mwanzoni taarifa zinakaa wapi na nani anaziona. Ni swali la kawaida na hatachukia. Kuhusu mkalimani, omba. Huduma za Universal Credit hutoa mkalimani bila malipo, na mashirika mengi ya ushauri yanaweza kupanga ukiomba mapema. Tafadhali usimfanye mtoto wa miaka kumi kuwa mkalimani wa madeni ya baba yake.

Ukishapata jibu

Kikokotoo hakikuombei. Watu huhesabu Januari, wakafurahi, wakaomba Machi, halafu wakashangaa kwa nini Januari na Februari hazikulipwa. Universal Credit huanza siku uliyotuma maombi. Kurudisha nyuma kunawezekana kwa mwezi mmoja tu na kwa sababu maalumu. Child Benefit na Pension Credit hurudishwa hadi miezi mitatu. Na malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua kama wiki tano. Kuna malipo ya awali, lakini hayo ni mkopo utakaokatwa.

entitledto itakuachia hesabu yenye maelezo pamoja na njia ya kwenda kuomba. Turn2us itakuonyesha pia ruzuku na namna ya kumpata mshauri wa karibu. Better Off itakuachia orodha ya bili za kupunguza, ambayo unaweza kuifanyia kazi jioni hiyohiyo hata kama mafao umekosa. Kwa Universal Credit, Citizens Advice wana huduma ya Help to Claim, kwa simu au kwa kuandikiana mtandaoni, inayokushika mkono mpaka malipo ya kwanza yaliyo sahihi. Na ukikataliwa, mshauri ndiye anayejua kuandika ombi la uamuzi kuangaliwa upya, ambalo kwa kawaida lina mwezi mmoja. Barua ile ya kukataliwa usiiweke chini ya mto.

Tazama pia mwaka wa hesabu. Malipo ya zamani ya tax credits yaliisha tarehe 5 Aprili 2025, kwa hiyo ushauri wa shangazi aliyekuja 2006 hauna kazi tena. Kikomo cha watoto wawili, yaani Universal Credit kutohesabu mtoto wa tatu na kuendelea, kilitangazwa kwenye bajeti ya Novemba 2025 kwamba kitaondoka kuanzia Aprili 2026; kama una watoto watatu na ulihesabu kabla ya hapo, hesabu tena. Roboti za mazungumzo zinazojibu kila kitu sikuziweka kwenye ulinganisho huu: zinaweza kukupa kiwango cha miaka mitatu nyuma kwa kujiamini kabisa.

Nani aende wapi

Nyote wawili ni raia au mna ukaazi wa kudumu, mna mishahara ya kawaida na kodi ya pango: entitledto au Turn2us, yoyote. Ukiwa na subira na makaratasi, entitledto; ukiwa unaanza na hujui hata majina ya mafao, Turn2us. Fanya na ya pili kulinganisha. Zikipishana kwa pauni chache ni sawa, zikipishana kwa mamia kuna swali umejibu tofauti.

Unafikiria kuongeza masaa, kubadilisha kazi, au bili ndizo zinazokuua kuliko kipato: Better Off.

Uko Uskoti na una watoto: hakikisha kikokotoo kimeweka Scottish Child Payment kwenye jibu, ni malipo yasiyopatikana sehemu nyingine za nchi.

Una visa yenye sharti la kutotumia fedha za umma, na mwenzako vilevile: vikokotoo havikuhusu kwa sasa. Tumia utafutaji wa ruzuku wa Turn2us, uliza shuleni kuhusu chakula, uliza kampuni ya maji kuhusu kiwango cha nafuu, na kama hali imefika mahali pabaya mtafute mshauri wa uhamiaji mwenye kibali.

Mmoja wenu ana haki na mwingine hana: fanya hesabu kwenye kikokotoo ukitoa ile tofauti ya posho, upate kujua tu kama kuna cha kufuatilia, kisha nenda kwa mshauri kabla ya kubonyeza chochote. Punguzo la kodi ya halmashauri lisiguswe bila kuuliza.

Una kiwanja, nyumba au mirathi nyumbani, umejiajiri, au kuna mgonjwa wa kudumu ndani: anza na mshauri moja kwa moja. Foleni yaweza kuwa ndefu, kwa hiyo weka miadi leo na uwaeleze kama kuna tarehe ya mwisho inayokukimbiza.

Na kama ni mzazi wako mzee aliye hapa kwa ukaazi wa kudumu, anayeishi kwa pensheni ndogo, usimwachie simu ajaze mwenyewe. Kaa naye na kikokotoo chochote kati ya vile vitatu, mtazame Pension Credit, lakini kwanza uliza alipewaje ukaazi wake: mzazi aliyeletwa kwa dhamana ya mtoto aliyetia saini kumtunza huwa amefungwa kwa miaka mitano asiguse mafao ya aina hiyo.